Maji Moto kutoka Jiko la Kuni: Namna ya Kuunga Boila Nyumbani bila Kuhatarisha Maisha

Mji wa Kakamega uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ukioga alfajiri baada ya mvua ya usiku kucha, maji ya tangi yanauma mifupa. Kwenye nyumba nyingi za kaunti hii, wakati huohuo kuna moto jikoni: uji wa watoto, chai, na jioni maharagwe yanayokaa motoni saa mbili au tatu. Joto jingi la moto huo hupotelea ukutani na kwenye dohani. Boila ya nyuma ya jiko, yaani kisanduku cha chuma chenye maji kinachokaa nyuma au ubavuni mwa moto, hulikamata joto hilo na kulipeleka bafuni.

Ni jambo zuri, na linafanyika. Lakini likiungwa vibaya linaua, na anayekufa mara nyingi ni yule aliye karibu na jiko. Soma mwongozo huu kabla hujamlipa fundi hata shilingi moja, na umpe naye ausome.

Kwanza elewa: moto wa kuni hauna swichi

Hita ya umeme ikizidi joto, kidhibiti chake huikata. Kuni haziko hivyo. Ukishazitia motoni zitaendelea kutoa joto mpaka ziishe, hata kama hakuna anayeoga, hata kama tangi limekauka, hata kama umetoka kwenda sokoni Khayega. Kila sheria utakayoisoma hapa chini imetokana na ukweli huo mmoja.

Maji yakipashwa kutoka ubaridi wa tangi hadi karibu na kuchemka, huongezeka ujazo kwa asilimia 4 hivi. Katika pipa la lita 150, hizo ni lita 6 ambazo lazima zipate pa kwenda. Yakichemka mambo huwa makubwa zaidi: lita moja ya maji hutoa zaidi ya lita 1,600 za mvuke. Kwa mwinuko wa Kakamega, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100, kwa hiyo tunafika kwenye mvuke mapema kidogo kuliko watu wa Mombasa.

Sasa fikiria mfumo uliozibwa kila upande. Shinikizo likifika bari 2 juu ya la hewa, maji hayachemki mpaka yafike nyuzi 130 na zaidi. Yanakaa humo kimya. Siku kiungo kitakapoachia, sehemu ya maji hayo itageuka mvuke papo hapo, na chuma kitararuka. Hilo halihitaji kiwanda. Boila ndogo ya jikoni inatosha.

Ndiyo maana sharti la kwanza, ambalo usikubali kulijadili na fundi yeyote, ni hili: kutoka kwenye boila lazima kuwe na bomba lililo wazi mpaka hewani, lisilo na koki wala valvu yoyote njiani. Tuliite bomba la kupumua. Mfumo wa namna hii huitwa mfumo wazi, na ndio pekee ninaoupendekeza kwa nyumba yenye jiko la kuni.

Je, nyumba yako inafaa?

Usianze na kununua vifaa. Zunguka nyumba yako na karatasi mkononi, ujibu haya:

☐ Jiko ni la chuma au la matofali, limejengwa imara, na lina dohani inayotoka nje ya paa?
☐ Kuna nafasi ya kuliweka pipa la maji moto juu zaidi ya boila, mahali panapobeba uzito? Pipa la lita 150 likijaa lina zaidi ya kilo 150.
☐ Juu ya pipa hilo kuna nafasi ya tangi dogo la kulisha?
☐ Umbali wa mlalo kati ya jiko na pipa hauzidi mita 3 hivi?
☐ Maji yanapatikana kila siku, au una akiba ya kutosha siku za mgao?

Kama jibu la swali la kwanza ni hapana, simama hapo. Mafiga matatu hayaungwi boila. Wala usilitoboe lile jiko la kauri la Upesi ambalo akina mama wafinyanzi wa magharibi mwa Kenya wamelitengeneza kwa miaka mingi. Ni jiko bora kwa kupikia, lakini tumbo lake ni dogo na kauri yake haikukusudiwa kubeba chuma chenye maji. Boila ikiwekwa humo huupoza moto, moshi unajaa, na jiko linapasuka.

Vifaa, na kwa nini ni hivyo

*Boila.* Bora inunuliwe pamoja na jiko lililoundwa nayo. Ukichongewa na fundi wa jua kali, bati liwe la chuma la milimita 5 au 6, lichomelewe pande zote, na lijaribiwe kwa maji baridi yenye shinikizo kabla halijaingia jikoni. Kwa maji, si kwa hewa. Chombo kilichojazwa hewa ya kompresa kikipasuka hurusha vipande. Usikubali boila iliyokatwa kutoka mtungi wa gesi, wala pipa lililowahi kubeba dawa za shamba. Mtungi unaweza kulipuka unapokatwa, na dawa haitoki kwenye chuma kwa kuoshwa.

*Mabomba kati ya boila na pipa.* Mabomba ya chuma yenye zinki, yale mafundi wanayaita GI, ya inchi moja. Au ya shaba. Usichanganye shaba na chuma chenye zinki katika njia moja, maana zinki italiwa upesi. Kwenye nyumba zinazotumia maji ya mvua ya paa la mabati, chuma huliwa haraka zaidi, kwa hiyo kagua viungo mara kwa mara. Bomba la plastiki la PPR linafaa kupeleka maji bafuni baada ya pipa. Karibu na boila halifai. Likikaa na maji yanayokaribia kuchemka hulainika, na bomba lililolainika hulegea na kuachia.

*Pipa la maji moto.* Kwa familia ya watu watano, lita 100 hadi 150. Usichukue dogo ili uokoe pesa: pipa dogo huchemka upesi. Lifunikwe kwa pamba ya kioo na mabati juu yake.

*Tangi la kulisha.* Hapa watu wengi wanakosea. Wanaunga boila moja kwa moja kwenye lile tangi jeusi la plastiki la lita 1,000 lililo juu ya mnara. Maji yanayochemka yakirudi humo kupitia bomba la kupumua, plastiki hulainika. Mwaka 2006 huko Taunton, Uingereza, hita ya umeme iliharibika, maji yanayochemka yakarudi kwenye tangi la plastiki lililokuwa juu ya dari, tangi likaachia, na mtoto mchanga aliyelala chumba cha chini yake akafariki. Kwa hiyo weka tangi dogo la pekee, la chuma au la plastiki iliyoidhinishwa kwa maji moto, lita 50 hivi, lijazwe na tangi kubwa kupitia valvu yenye boya. Likae juu ya ubao mzima unaobeba kitako chake chote, na lisiwe juu ya kitanda cha mtu.

*Valvu ya usalama.* Iwekwe kwenye boila au karibu nayo kabisa, na mdomo wake uelekezwe nje, chini, mbali na miguu ya watu. Hii ni akiba tu. Haichukui nafasi ya bomba la kupumua.

Hatua za kuunga

1. Weka pipa juu ya boila. Kitako cha pipa kiwe juu kuliko kichwa cha boila. Maji ya moto ni mepesi, hupanda yenyewe. Ya baridi hushuka yenyewe. Hakuna pampu, kwa hiyo stima ikipotea hakuna kinachoharibika.

2. Unga bomba la kupanda kutoka tundu la juu la boila hadi sehemu ya juu ya pipa. Lipande mfululizo, angalau sentimita 2 na nusu kwa kila mita. Likishuka hata mahali pamoja, hewa itanasa hapo na mzunguko utasimama huku moto ukiendelea.

3. Unga bomba la kurudi kutoka chini ya pipa hadi tundu la chini la boila. Hakuna koki kwenye mabomba haya mawili. Hata moja.

4. Unga bomba la kupumua, la robo tatu inchi au zaidi, kutoka kilele cha pipa. Lipande moja kwa moja hadi juu ya tangi la kulisha, kisha lipinde na mdomo wake uelekee ndani ya tangi hilo juu ya maji, bila kuyagusa. Urefu wake juu ya uso wa maji ya tangi uwe sentimita 15, kisha ongeza sentimita 4 kwa kila mita kati ya uso huo na kitako cha mfumo. Kama ni mita 4, basi ni sentimita 31.

5. Unga bomba la kulisha kutoka tangi dogo hadi chini ya pipa. Hili ni bomba la pekee, tofauti na la kupumua. Koki ya kufungia maji iwekwe kabla ya tangi dogo, si baada yake.

6. Toa maji ya bafuni kutoka juu ya pipa, kamwe si chini. Hapo hata tangi la kulisha likikauka, mfereji utaacha kutoka lakini pipa na boila vitabaki vimejaa. Mpangilio huu mmoja umeokoa boila nyingi siku za mgao wa maji.

7. Weka koki ya kuondolea maji mahali pa chini kabisa, yenye kufunguliwa kwa spana ili mtoto asiichezee.

8. Weka kipimajoto kwenye pipa, mahali unapokiona ukiwa unapika.

Kuwasha kwa mara ya kwanza

Jaza mfumo polepole, mifereji ya maji moto ikiwa wazi, mpaka hewa iache kukoroma. Uache umejaa usiku mzima bila moto, na asubuhi pita kila kiungo kwa kitambaa kikavu. Kisha washa moto mdogo wa vijiti. Gusa bomba la kupanda: ndani ya dakika chache liwe na joto kuliko la kurudi. Kama boila inanguruma na pipa bado baridi, kuna hewa iliyonasa. Toa moto na mwite fundi arekebishe mteremko.

Kwa kupasha lita 100 kutoka nyuzi 20 hadi 60 unahitaji nishati ya kilowati-saa 4.6 hivi. Ikiwa theluthi moja ya joto la kuni inaingia kwenye maji, hizo ni kuni kavu kilo 3 na nusu kwa makadirio. Boila inayotia kilowati 3 na nusu itachukua saa moja na theluthi. Ukiona inachukua saa nne, usiongeze kuni. Tafuta kasoro.

---
KISANDUKU CHA HATARI: bandika nakala ukutani jikoni

*Ukisikia mfumo unagonga, unanguruma, au mvuke unatoka kwenye bomba la kupumua:*
1. Acha kuongeza kuni. Funga mlango wa hewa wa jiko.
2. Ondoa watoto jikoni.
3. Fungua mfereji wa maji moto bafuni, ukiwa umesimama kando, ili maji baridi yaingie kwenye pipa.
4. Funika makaa kwa jivu kavu au udongo. Usimwage maji motoni. Chuma kitapasuka na mvuke utakuunguza uso.

*Ukigundua boila imekauka na moto unawaka:*
1. Usifungulie maji. Maji baridi kwenye chuma chenye moto mkali hugeuka mvuke mara moja.
2. Funga hewa ya jiko, toka nje na kila mtu.
3. Ngoja mpaka kesho yake, chuma kiwe baridi kabisa. Usiwashe tena kabla fundi hajakagua.

*Mtu akiungua:* maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Si mafuta, si dawa ya meno, si unga. Jeraha likizidi kiganja cha mgonjwa, au likiwa usoni, au mgonjwa akiwa mtoto, mpeleke hospitalini bila kuchelewa.
---

Maji yaliyofika bafuni

Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtu mzima ndani ya sekunde 5 hivi. Ngozi ya mtoto haihitaji hata hizo. Lakini pipa lenyewe lisiachwe likae siku nyingi kwenye uvuguvugu wa nyuzi 30 au 40, maana humo ndimo bakteria wa legionela huzaliana. Jibu ni kupasha pipa hadi nyuzi 60, kisha kuchanganya mwishoni. Ukiweza kununua valvu ya kuchanganya, nunua. Usipoweza, fundisha kila mtu nyumbani, hasa mfanyakazi na mtoto mkubwa anayeogesha wadogo: maji baridi huingia kwenye beseni kwanza, ya moto yanafuata. Maji ya mfereji wa moto si ya kunywa wala ya kupikia uji.

Dohani, kuni na radi

Boila huupoza moto kidogo, na moto uliopozwa hutoa masizi mengi. Kuni mbichi huzidisha, na lami inayoganda ndani ya dohani inaweza kushika moto. Pasua mkaratusi wako na uuache chini ya paa lenye upepo miezi 6 au zaidi. Mvua za hapa hazimngoji mtu, kwa hiyo kuni za Aprili na Mei ziwe zimekatwa mwaka uliotangulia. Safisha dohani mara moja kwa mwezi ikiwa unapika kila siku.

Dohani ya bati moja iwe sentimita 45 mbali na boriti na dari, na ipite kilele cha paa kwa sentimita 60 au zaidi. Na kwa kuwa nchi hii yetu ina radi nyingi, bomba la chuma lililosimama juu ya paa liungwe na waya wa kuingia ardhini. Mwachie fundi wa umeme kazi hiyo.

Usilale chumba chenye jiko linalofuka huku madirisha yamefungwa. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu, na anayeivuta hulala usingizi asiamke.

Kama unataka kupasha joto chumba pia

Kakamega hatuhitaji sana, ila kwa kukausha nguo na sare za shule wakati wa masika. Kule Molo au Timboroa ni habari nyingine. Njia salama ni redieta moja, iliyo juu kuliko boila, iliyoungwa kwa mabomba ya inchi moja yanayozunguka kwa uzito wa maji, bila koki yoyote. Redieta hiyo inakuwa pia mahali pa kumwagia joto la ziada pipa likishiba. Ukitaka redieta nyingi zinazosukumwa na pampu, hii ya kwanza lazima ibaki nje ya pampu, kwa sababu stima ikikatika usiku moto hautajua. Kazi ya namna hiyo iachie mhandisi. Na maji ya redieta yenye dawa ya kuzuia kutu yasichanganyike kamwe na ya kuoga.

Makosa yanayorudiwa na mafundi

Koki kwenye bomba la kupumua, "ili maji yasipotee", ndilo baya kuliko yote. Maji yakimwagika humo kila mara, tatizo ni bomba fupi au moto mkubwa. Kuziba ni kutengeneza bomu. La pili ni kuunga boila kwenye pampu ya shinikizo au moja kwa moja kwenye bomba la maji la mtaani ili shawa iwe na nguvu. Shawa ikiwa dhaifu, inua tangi. Kila mita 10 za urefu ni bari 1. La tatu ni kuufunika mdomo wa bomba la kupumua kwa kitambaa kuzuia wadudu. Weka wavu mpana wa waya kwenye kifuniko cha tangi, si kwenye bomba.

Kumchagua fundi

Tafuta aliyesomea kazi ya mabomba, kwa mfano pale Sigalagala National Polytechnic, au aliyefanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, na mwombe akuonyeshe cheti. Mwulize swali moja: "Maji yakichemka na kila mfereji umefungwa, yataenda wapi?" Akianza kwa kutaja valvu, mshukuru na utafute mwingine. Kama unaendesha shule, hoteli au kliniki, jua pia kwamba mtambo wa mvuke mahali pa kazi unakaguliwa chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007. Usiuchukulie kama wa nyumbani.

Bakiza sehemu ya malipo ya fundi. Siku ya kukabidhiwa, mwambie awashe moto mbele yako mpaka pipa lifike nyuzi 60, huku mifereji yote imefungwa. Fuata kwa macho lile bomba la kupumua kutoka pipa hadi tangini. Ukiona koki yoyote njiani, usimlipe mpaka aitoe.